Mfalme Ananicheka

Jamani, hivi kucheza gemu ya simu ni kazi? Maana kwangu ndiyo kazi iliyopo. Mtoto wa dada yangu amekuja mjini kutafuta maisha. Anayatafuta kwenye kochi langu. Kwa bando langu, na umeme wangu wa Luku. Siku nzima Clash Royale. Nikifoka ananiambia, "Anko, huu ni mchezo wa kimataifa, watu wanavaa jezi ya taifa."

Nikacheka. Akanionyesha. Kumbe mwaka 2018 kule Jakarta, kwenye Michezo ya Asia, gemu hiyohiyo ilichezwa, dhahabu akabeba kijana wa Indonesia. Ilikuwa ya maonyesho tu, haikuingia kwenye hesabu ya medali. Sawa, lakini mimi hata ya bati sijawahi kuvishwa. Mwaka 2019 tena, Hamburg, Clash of Clans, gemu nyingine ya kampuni ileile ya Ufini iliyotengeneza Clash Royale. Zawadi zote pamoja, dola milioni 1! Wachina wakaondoka na kombe. Sisi kwenye kikoba chetu tumenuniana wiki nzima kwa pesa ya maandazi.

Nikasema lete simu. Kijiweni kwenye drafti si wananiita Profesa? (Wanaoniita hivyo nawakopesha, lakini tuyaache.)

Mechi ni dakika 3. Una kadi 8, na eliksa, dawa fulani ya zambarau, inajaa polepole mpaka 10. Kila askari ana bei. Mimi na salio hatukai nyumba moja. Nikatupa jitu la 5. Nikatupa na lile libati lenye upanga, 4. Nikabaki kama tarehe 12 ya mwezi. Mwenzangu katulia tu. Akatoa vifupa vya eliksa 1, libati likaanza kuhangaika navyo. Mara katokea mtu na nyundo, kapanda nguruwe, karuka mto huyo! Mnara chini.

Ningevumilia. Ila kwenye gemu kuna kale kamfalme. Mpinzani akibonyeza, kanakucheka, tena kwa sauti. Spika ilikuwa juu. Mama watoto akachungulia toka jikoni: "Nani anakucheka?" Nikamwambia ni tangazo.

Likacheka tena hilo tangazo.

"Anko, unaweza kumzima sauti," dogo akasema, mechi imeshaisha. "Halafu huhesabu. Eliksa ya adui huonyeshwi, mabingwa wanaihesabu kichwani."

Kichwani! Mimi chenji ya mangi naihesabu nikiwa nimefika kitandani, na bado ni pungufu.

Sasa anataka simu mpya. Hii eti inaganda dakika ya mwisho, pale eliksa inapoanza kujaa mara mbili. Nikamwambia asubiri kikoba kivunjwe. Akanitazama, uso umembadilika.

"Anko, si wewe ndiye mhazini?"