Muulize Mjomba: Betri Imetapika Ndani ya Boti

*Mjomba, shikamoo. Nina boti ya alumini, naiegesha Igombe hapa Mwanza. Usiku mmoja wa mawimbi betri ilipinduka, maji yake yakaingia chini ya mbao za sakafu. Nilipokuja kuzing'oa nikakuta unga mweupe na vishimo. Nifanyeje? — Mwenye Boti*

Marahaba, mpwa. Kwanza shukuru umeandika hapa. Yule mshauri wa gazeti la jirani angekuambia ukamwombe radhi mkeo, maana yeye hujibu hivyo kila swali, hata la mtu aliyeuliza bei ya pamba.

Mimi ni mtu wa vyombo. Nikipita mwalo wa Kirumba mafundi huzima mashine, baadhi kwa heshima, waliobaki kwa kuhofia nitawakosoa mbele ya wateja. Mtumbwi nautambua umri wake kwa kuupiga konzi. Boti ya alumini naigonga kwa pete na inanijibu. Pete yenyewe ina historia inayohusu mheshimiwa mmoja, injini iliyogoma katikati ya ziwa, na werevu wangu, lakini mhariri ameniomba nisiirudie tena mwaka huu.

Turudi kwako. Hayo unayoyaita maji ya betri ni tindikali ya salfa iliyozimuliwa. Betri ikiwa imejaa chaji, tindikali ni zaidi kidogo ya theluthi ya uzito wa hayo maji. Betri ya namna hiyo aliibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Yule mpelelezi Stanley alipolizunguka ziwa letu mwaka 1875 alitumia Lady Alice, boti ya mbao iliyofunguliwa vipande ikabebwa na wapagazi kutoka pwani. Betri za namna hiyo zilikuwepo duniani miaka 16 tayari, naye hakupakia hata moja. Ndiyo maana hakuna barua yake kwenye faili langu.

Na hiyo alumini unajua hadhi yake? Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, kileleni kabisa waliweka kipande cha alumini kisichofika kilo tatu, na siku hizo bei yake ilishindana na ya fedha. Miaka miwili baadaye Hall kule Marekani na Héroult kule Ufaransa, kila mmoja kivyake, wakagundua namna ya kuizalisha kwa umeme, bei ikaporomoka, na leo tunachemshia uji. Wewe umeimwagia tindikali. Sikulaumu. Nasema tu mnara ule ungekuona ungeinamisha kichwa.

Sasa tiba. Sharti la kwanza: sato wa kilo mbili, aliyekaangwa vizuri, afikishwe ofisini kwangu akiwa bado moto. Tindikali haitoki kwenye chombo cha mtu mwenye mkono wa birika. Hili halimo vitabuni kwa sababu vitabu havikuniuliza. Sharti la pili: betri iliyotapika ielekezwe Ukerewe na isemwe kwa sauti mbele ya betri nyingine, zipate somo.

Wakati sato yupo njiani, vaa glavu za mpira na miwani, zima sigara (tindikali ikila alumini hutoa haidrojeni, na betri hutoa yake ikichajiwa), kisha changanya robo kilo ya baikaboneti ya soda kwenye ndoo ya maji ya lita tano na umwagie kila mahali, hasa kwenye viungo na ribiti ambako uovu hujificha. Litaumuka povu. Rudia mpaka povu likome, ndipo usuuze kwa maji safi mengi. Maji hayo yachotwe yakatupwe mbali na ziwa, yana risasi ya kwenye betri, na mimi hula samaki wa ziwa hilo.

Hapa ndipo wajanja huangukia pua. Shemeji yako atasema: kama baikaboneti inafaa, basi magadi yatafaa zaidi, na soda kali ya kutengenezea sabuni itamaliza kazi kwa dakika moja. Itamaliza boti. Alumini ina ulinzi mmoja tu, ngozi nyembamba ya oksaidi inayojiotesha yenyewe hewani, na ngozi hiyo huvuliwa na tindikali na huvuliwa vilevile na magadi. Angalia sufuria iliyozoea kupikiwa maharage ya magadi ilivyo nyeusi ndani. Jambo hili nimelieleza harusini, msibani na kwenye foleni ya benki, na kila mara watu huondoka wakiwa wamebadilika. Wengine huondoka kabla sijamaliza, kwa kuzidiwa na elimu.

Ule unga mweupe ni makombo ya alumini iliyoliwa. Usugue kwa brashi ya nailoni, au ya waya wa chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Stilwaya ya jikoni iache jikoni: huacha chembe za chuma ndani ya vishimo, na chembe hizo huanzisha ulaji mpya siku unapoanza kujisifu. Kujisifu niachie mimi.

Kujua kama kishimo kimetoboa, paka chaki upande wa nje, paka mafuta ya taa upande wa ndani, kanywe chai. Ukirudi ukakuta chaki imelowa, pametoboka. Njia hii inaitwa Mbinu ya Mjomba. Mafundi wa nchi mbalimbali walianza kuitumia kabla sijazaliwa, jambo ambalo mwanasheria wangu analifuatilia.

Panapovuja, ole wako umwite fundi wa mageti. Fundi wa mageti ni mtu jasiri, na ujasiri ndio hatari yenyewe. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, ilhali ngozi yake ya oksaidi haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,000, na haiwi nyekundu kukuonya. Fundi anasubiri iwive; inadondoka yote miguuni pake. Tafuta anayechomelea alumini kwa gesi ya agoni, au weka kiraka cha alumini ya aina ileile, pembe zake zikiwa za mviringo ili pasianze ufa, kwa ribiti za alumini na gundi ya kuzuia maji. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakikuzunguka na mizani, watajie jina langu. Wataongeza bei.

Mhariri amesimama mlangoni na saa yake. Haraka basi: vishimo visivyo na kina kirefu piga msasa, paka praima ya alumini siku hiyohiyo kabla ngozi haijanenepa, ziba kwa epoksi ya mikebe miwili, paka rangi, ila isiwe rangi ya kuzuia magugu yenye shaba, maana shaba na alumini majini hazikai nyumba moja. Betri mpya iingie kwenye sanduku la plastiki lenye matundu ya hewa, ifungwe mkanda, na ukiiongeza maji yawe yaliyotoneshwa, si tindikali.

Na wewe wa Musoma uliyeuliza kuhusu mchumba aliyenuna: maji mengi, polepole, usitumie stilwaya.