Mhadhara wa Kwanza juu ya Injini ya Datsun 240Z, Kama Ulivyotolewa Uani na Mtaalamu Mwenyewe

Mabibi na mabwana, majirani wa mbele na wa nyuma, na nyinyi watoto mliopanda ukutani bila ruhusa: karibuni. Kabla sijaanza, naomba yule aliyekalia silinda hedi ainuke. Hicho si kigoda. Hiyo ni aluminiamu ya Kijapani, na kazi yake ni kulala juu ya bloku ya chuma sawasawa, bila kupinda. Kitabu cha kiwanda kinasema ikipinda zaidi ya milimita 0.1 haifai, ipelekwe ikasawazishwe kwa mashine. Mimi niliipima kwa jicho. Jicho la mtaalamu halihitaji rula, na kwa kuwa hakuna aliyenipinga, tumekubaliana kwamba imenyooka. Mzee wangu pale kwenye benchi, naona unatikisa kichwa. Ni nzi? Basi.

Mtauliza: bwana huyu ni nani hata atusomeshe injini? Swali zuri, nalo nimelitengea nusu ya mhadhara. Nilitumikia afisi ya bima ya magari mpaka afisi yenyewe ikaniomba, kwa barua, nikapumzike. Kila gari lililogongana hapa Mombasa, toka Likoni hadi Mtwapa, lilipita mezani kwangu kwa njia ya karatasi. Nimeona injini zilizopondeka, zilizonoki, zilizoungua, zilizoingia maji ya chumvi, zote zikiwa na muhuri na saini. Fundi wa kawaida hufungua injini moja kwa wiki. Mimi nilikuwa nikifungua majalada ishirini kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe nani ana uzoefu. Mzee huyu wa kwenye benchi, kwa mfano, ameshughulikia injini za tagi za Kilindini umri wake wote, na hana hata jalada moja la kuonyesha. Simdharau. Nimemwalika aje ajifunze.

Mtaani wananiita Injinia. Ni kweli nilianza kujiita mimi, lakini wao hawakukataa.

Sasa tuingie kwenye gari. Yaani, tuingie kwanza kwenye historia ya gari, maana mtu asiyejua historia hafai kushika spana. Pasaka ya mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Nilikuwepo. Nilisimama kando ya barabara, gari la Herrmann likapita, tope likanirukia hapa, begani, kwenye kanzu nyeupe. Mama, Mungu amrehemu, alikataa kuifua kanzu ile. Naona mpwa wangu ameinua mkono. Sema, mwanangu. Kitambulisho changu? Kinasema nini kitambulisho changu? 1972. Kitambulisho, ndugu zangu, kiliandikwa na karani, na mimi nimekuwa karani. Najua makarani wanavyoandika. Tope lilikuwepo. Shusha mkono.

Tena 1973, Mehta huyohuyo, mtoto aliyezaliwa Uganda, safari hii na Lofty Drews, akaishinda kwa 240Z, baada ya kufungana pointi na Harry Källström. Mnaona? Hata mabingwa hufungana. Mimi na injini hii tumefungana, na mke wangu asiseme tena kwamba nimeshindwa.

Gari nililinunua kwa mtu mmoja wa bara. Bei siitaji mbele ya mwenye nyumba. Aliniapia kwamba kila kilichomo ni kile lilichotoka nacho kiwandani, akanikabidhi ufunguo, akahama mji wiki ileile, bila shaka kwa uchungu wa kuachana nalo. Tazameni boneti lile lilivyo refu. Paka wetu amezaa ndani yake, na nafasi imebaki. Wajapani hawakufanya urefu ule kwa mapambo. Ndani mnatakiwa muwe na injini iitwayo L24: silinda sita kwa mstari mmoja, kipenyo cha silinda milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7, ujazo wa jumla sentimita za ujazo 2,393. Plagi zake hupiga kwa mpangilio huu, na nataka muutamke pamoja nami: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Tena. Watoto wa ukutani wamejua kabla ya watu wazima, aibu gani hii.

Mtataka kujua injini iliugua nini hata ikafunguliwa. Asubuhi moja gari lilikataa kuwaka. Lilifanya tik, likanyamaza. Mke wangu, akiwa na beseni la nguo kichwani, akasema, “Baba watoto, hiyo si betri?” Nilicheka kwa upole. Mtu wa bima hakurupukii betri. Niliweka sikio juu ya hedi, nikagonga kwa bisibisi, nikatoa hukumu: gasketi ya hedi. Betri nikampa jirani yetu wa tuktuk, ambaye alivimwagia maji ya moto vichwa vyake vilivyoota ukungu mweupe, akavipangusa, na tangu siku ile tuktuk yake inawaka kwa mguso mmoja. Hilo linathibitisha nilivyosema: betri haikuwa na tatizo.

Basi nikaifungua injini. Na hapa ndipo elimu ya vitabu na elimu ya mikono zinapoachana. Kamshafti ya injini hizi inakaa juu ya hedi, na inazungushwa na cheni ya taimingi inayotoka chini kabisa, kwenye kranki. Upande mmoja wa cheni kuna kidude kidogo kinaitwa tenshena, kina springi ndani, kinaisukuma cheni isilegee. Kitabu kinasema: kabla hujatoa gia ya kamshafti, chonga kabari ya mti, ishushe kwa juu, ibane cheni dhidi ya tenshena. Kabari ya mti! Nilipofika hapo nikakifunga kitabu. Gari la michezo, lililoshinda Safari mara mbili, mimi niliingizie kipande cha kuni? Nikatoa gia. Tenshena ikasema pwa, ikaruka ikaingia shimoni, cheni ikaangukia huko huko. Kuirudisha ni mpaka kifuniko cha mbele kitoke, na kifuniko hakitoki mpaka ufungue puli ya kranki na pampu ya maji, na chini ulegeze sampo. Na mtu akishafika kwenye sampo, ungwana unamtaka aendelee. Ndivyo kazi ya kubadilisha gasketi ilivyopanda cheo ikawa ufufuaji wa injini nzima. Wengine wanapanga miradi yao. Yangu huja yenyewe.

Mzee, unachonga nini hapo na kisu changu? Endelea, lakini usiangushe mavumbi kwenye mkeka.

Usafi. Nitasema kwa ufupi kwa sababu mke wangu anasikiliza. Pistoni zilikuwa nyeusi kwa masizi. Mafundi wavivu huzilowesha kwenye mafuta ya taa na kuzisugua taratibu. Mimi nilimwendea mpika sabuni, nikanunua kostiki soda, kali kabisa, nikachukua sufuria lile kubwa la pilau, lile la Maulidi na harusi, nikatia maji, nikatia soda, nikatia pistoni. Likachemka bila moto. Povu likapanda, moshi ukapanda, watoto wakakimbia, nami nikasimama pale pale kwa fahari, nikiona sayansi inavyofanya kazi. Wapo watakaowaambia kwamba kostiki soda inakula aluminiamu, na kwamba pistoni ni aluminiamu, na kwamba sufuria nalo ni aluminiamu. Wapo, nao wamelala nyumba hii hii. Ni kweli kwamba chini ya sufuria sasa mtu anaweza kuona vidole vya miguu yake. Lakini pistoni zimetoka nyepesi! Watu wa mashindano hulipa pesa nzuri kupunguziwa uzito wa pistoni. Mimi nilizipunguza kwa gharama ya sufuria.

Sufuria la pili, mama watoto, tutalizungumza ndani.

Sasa vipuri. Niliagiza Sharjah, ambako vipuri vya Datsun za zamani havijaisha, seti kamili ya L24. Ilipofika nikagundua jambo la kusikitisha: Wajapani siku hizi hawapimi. Gasketi ya hedi ilikuja ndefu kuliko bloku! Niliiweka hivi, ikaning'inia mbele. Nikaigeuza, ikaning'inia nyuma. Mtu mwingine angeirudisha. Mimi nilichukua mkasi wa mke wangu wa cherehani nikaikata ikakaa. Bolti za hedi nazo walileta 14, na matundu ni 10. Nne nimeziweka akiba, kwa sababu kiwanda kikubwa hakikosi kumpa mteja zawadi. Plagi zilikuja sita. Nne zimeingia. Hizi mbili mnazoziona mfukoni mwa shati langu natembea nazo, na tayari watu wawili wamenisalimia kwa heshima barabarani.

Nani huyo anayesema ukutani? Sema kwa sauti, mtoto mzuri. Anauliza silinda ya tano iko wapi. Swali la kitoto, na nitalijibu kitaalamu. Silinda ya tano, mwanangu, hupiga baada ya ya kwanza. Umesikia? Sasa anahesabu pistoni zilizo mkekani kwa kidole. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ahsante, tumesikia. Hesabu tena. Hapana, usihesabu tena.

Tulieni. Tulieni, nasema! Mzee wa benchi ameinuka, anataka kusema jambo, na mimi siku zote nimewapa wasiosoma nafasi. Amepangusa ubavu wa bloku kwa kitambaa, karibu na namba ya injini. Anasema imeandikwa L16. Mpwa wangu naye, na simu yake hiyo, anasema silinda moja ya milimita 83 kwa 73.7 ni karibu sentimita za ujazo 399, kwamba ukizidisha kwa sita unapata 2,393, na ukizidisha kwa nne unapata 1,595, ambao ndio ujazo wa injini ya Datsun 1600. Anasema L24 ni L16 iliyoongezwa silinda mbili, basi; kipenyo kile kile, mwendo ule ule. Na kwamba mpangilio wangu wa moja, tano, tatu niusahau, kwa sababu hii hupiga moja, tatu, nne, mbili.

Na mzee, kwa adabu, nitakiri, kwa adabu kubwa, anaongeza kwamba nisihuzunike. Anasema Herrmann na Schüller, kabla ya ile 240Z, walishinda Safari ya mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS, na injini yake ilikuwa L16. Anasema yeye mwenyewe aliiona ikipita. Anasema ni injini ya kiume, ngumu, haina makuu, na kwamba nimebahatika.

Nimebahatika! Mimi nimenunua sita, mzee ananipongeza kwa nne! Nilisimama hapa saa nzima nikiwaeleza L24, mtu mzima anakuja kuniliwaza kwa injini ya teksi! Nawaombeni msichanganyikiwe. Hakuna nilichosema ambacho kimebatilika. Hebu tazameni tena chini ya boneti. Nyuma injini imekaa. Mbele yake, kati yake na rejeta, kuna nafasi. Kubwa. Paka na watoto wake wanne wamo humo. Nafasi ile ni ya nini? Mtaalamu anaiona mara moja: ni ya silinda mbili zilizosalia. Gari liko tayari, gasketi imeshakuja, bolti nne ninazo, plagi mbili ninazo mfukoni. Kipande cha gasketi nilichokikata nitakishona. Leo hii naandika Sharjah waniletee silinda mbili, za kuongezea kwa mbele, na mpwa wangu ambaye ameona ni vyema kucheka ndiye atakayelipia stempu.

Kwa hiyo mhadhara wa pili utahusu uongezaji wa silinda, na kiingilio ni kile kile, mtu na kiti chake. Naona mnatazama nyuma yangu. Ninajua. Nasikia spana. Mzee ameshavua shati, kabari aliyokuwa akiichonga ameiweka kando pamoja na cheni, na sasa amelala chini ya gari langu bila kuniomba, na mke wangu anampelekea chai na kaimati, kaimati ambazo mimi niliambiwa ni za wageni. Haidhuru. Kazi za mikono nimewaachia wenye mikono.

Ndiyo, mzee? Anataka nimshikie kurunzi. Mmesikia wenyewe, ndugu zangu: bila mimi haoni kitu.