Saini ya Marehemu

Katika nyumba ya wakwe zangu pale Kilosa, mwenye cheo kikubwa kuliko wote ni tranka. Ni tranka la bati, la kijani, lile ambalo baba mkwe alikwenda nalo bweni enzi za Tanganyika. Siku hizi linakaa chumbani kwake juu ya matofali manne ili mchwa na maji ya Mkondoa yasilifikie. Maji si mzaha. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ule ulifurika, ukang'oa reli na kuwaacha maelfu ya watu wa wilaya bila makazi. Mama mkwe husimulia kwamba usiku ule majirani walitoka na watoto, kuku na magodoro, na mumewe, mwalimu, alitoka na tranka. Magodoro yao yeye aliyaacha, mto ukayachukua.

Ndani ya tranka kuna saini. Kuna stakabadhi za reli, hati za mishahara za mashamba ya mkonge ya Kimamba, kadi za posta, na bahasha zilizobaki na jina la mwandikaji tu. Chini kabisa, ndani ya foronya ya harusi ambayo mama mkwe ameidai hadi akachoka, kuna nakala za mwandiko wa Livingstone, wa Stanley, na wa Dokta John Kirk aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza kule Unguja. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, na kwa baba mkwe, aliyefundisha historia maisha yake yote, watu wa maana wote waliishi humo katikati. Hata saini yake mwenyewe aliihamishia huko. Zamani aliandika jina tu. Alipostaafu akaiongezea mkia, mwaka uliofuata mkia ukapata kitanzi, na sasa ukimpelekea barua ya kuitisha kikao cha ukoo anahitaji nusu ukurasa kuisaini.

Ana nadharia, na nadharia yenyewe si ya kipuuzi. Barabara ya misafara kutoka pwani ilipita huku kwetu Usagara. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley naye alipita mwaka 1871, katikati ya masika, akakwama kwenye tope la Mkata, punda wakizama, wapagazi wakiugua, na mbwa wake Omar akafa kabla msafara haujapumua vizuri. Mkata ndiyo mbuga ambayo leo watalii wanailipia, ndani ya Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Watu hao, anasema mwalimu, walikuwa wakiandika barua kila jioni, na posta ya wakati ule ilikuwa miguu ya watu. Mfuko wa barua za kumpelekea Livingstone, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ulilala Bagamoyo karibu siku mia moja kabla wapagazi hawajaona haja ya kuondoka nao. Kama mfuko mzima unaweza kulala siku mia, barua moja inashindwaje kulala miaka mia na hamsini katika dari ya nyumba fulani?

Swali hilo ndilo alilokuwa akilisubiri yule kijana wa Mikumi.

Mimi nina mgahawa Mikumi, kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yanaposimama kupoza matairi. Baba mkwe alikuwa amekuja kutusalimia na kula nyama yangu kwa mkopo usio na tarehe. Meza ya pili alikaa kijana mwenye miwani na begi la kompyuta. Akasikia neno Livingstone, akasogeza kiti. Kabla sijamaliza kugeuza mishikaki, alikuwa amefungua bahasha ya nailoni na kutoa karatasi ya rangi ya ugoro, kingo zimeliwa, mwandiko umelala kulia. Alisema imetoka katika nyumba ya kale ya wamisionari, na kwamba kuna Mzungu Arusha anaisubiri kwa dola, ila yeye, kwa uzalendo, angependa ibaki wilayani.

Uzalendo ulikuwa na bei: laki nne na nusu. Nilimkonyeza baba mkwe, nikakohoa, mwisho nikamwagia chumvi ugali wake ili aamke. Hakuamka.

Zilikotoka pesa zile ndiko msiba wenyewe ulikoanzia. Mama mkwe ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwao, na wiki hiyohiyo alikuwa amechukua mkopo wa bati za msauzi, maana paa lao la zamani linavujia jikoni, sebuleni na, kwa heshima ya pekee, juu ya kitanda chake. Mkopo ulitumwa kwenye simu ya mwalimu kwa kuwa simu ya mama ilikuwa kwa fundi. Mwalimu akamlipa kijana kwa pesa hizo, akapanda Noah kurudi Kilosa na barua kifuani. Bati zikabaki dukani.

Kwa muda nyumba ile ikageuka makumbusho. Meza ya kulia ilichukuliwa, watu wakala mkekani. Maharage yalipigwa marufuku kwa sababu mvuke wake unalegeza karatasi, na jiko la mkaa likahamishiwa chini ya mwembe. Mjukuu aliyepiga chafya sebuleni alihojiwa kama mhujumu. Mimi nilipokwenda Jumamosi na binti yangu, tulinawishwa mikono mlangoni, tukapanguswa kwa kanga, ndipo tukaruhusiwa kuitazama barua kwa umbali wa mkono mmoja. Ilikuwa fupi. Mwandishi alikuwa Usagara, anaumwa, anaomba nguo na dawa ya homa. Chini yake: David Livingstone.

Mama mkwe alikuwa bado anaamini kwamba bati zimechelewa Morogoro. Hasomi Kiingereza, na meza ile ilikuwa imemkalia kooni. Alisogea, akainama kama anayeonja mchuzi, akavuta pumzi.

"Mwalimu," alisema, "huyu mtu wako alikuwa anaumwa au alikuwa anakunywa chai?"

"Chai gani?"

"Ya mchaichai. Hapa kwenye kona kuna kipande cha jani."

Mtu asiyejua kitu angeshindwa palepale. Kumbe elimu nayo inaweza kumfunga mtu mikono! Baba mkwe aliinuka kwa furaha, akatutangazia kwamba harufu ya mmea ndiyo uthibitisho wenyewe. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akatengeneza wino kwa mbegu za mmea, akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la The Standard, mistari yake ikikatiza ile iliyochapishwa. Wino ule ulififia hata macho hayakuweza kuusoma, mpaka wataalamu walipozipiga kurasa picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuutoa mwandiko hadharani mwaka 2011. Yote hayo ni kweli. Na yote yalimsaidia yule kijana wa Mikumi.

"Hata Stanley waliita barua zake za kughushi," aliendelea. "Mwaka 1872 amefika London na barua za Livingstone mkononi, wasomi wakamcheka. Familia ya Livingstone yenyewe ilipoutambua mwandiko ndipo waliponyamaza, na Malkia akampa kijisanduku cha ugoro chenye vito. Kila mwenye hazina hutukanwa kwanza."

"Mimi sina kito," alisema mama mkwe. "Nina ndoo tatu za kukingia mvua."

Lazima nieleze hapa kwamba mama mkwe kwao ni Msowero, humuhumu wilayani. Kila aliyepita darasani anajua Msowero, ingawa vitabu huandika Msovero. Tarehe 29 Novemba 1884 Karl Peters alifika pale na wenzake, akamkuta Chifu Mangungo, akampa hati ya Kijerumani, Mangungo akatia alama ya X. Peters akaikimbiza Berlin pamoja na hati nyingine za namna hiyo, na tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Tangu walipooana, mwalimu amemtania mkewe kwa alama ile. Akizidishiwa bei sokoni, ni damu ya Mangungo. Akitia saini risiti ya umeme, "Angalia usiuze na mto." Mama mkwe hucheka kidogo, kisha huisoma risiti hadi namba ya mita. Sijawahi kumwona akiweka jina lake mahali ambapo hajapasoma au kusomewa.

Nami huona ajabu kwamba tranka lile, lenye shauku yote ya saini za karne ya kumi na tisa, halina hata nakala ya ile alama, ingawa kijiji ilikotiwa kimo wilaya hiihii.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, na yote hayo yalipokuwa yakisemwa alikuwa anatazama juu ya karatasi, si chini kwenye saini.

"Babu, hii tarehe ni ngapi?"

"Saba Juni, elfu moja mia nane sabini na tatu."

"Livingstone si alifariki Mei mosi mwaka huohuo? Kule Chitambo?"

Jogoo aliwika nje, bila sababu yoyote. Baba mkwe alivua miwani, akaivaa tena. Alijua. Tarehe ile aliwasomesha watu kwa vizazi viwili. Alijua pia kwamba Livingstone hakuwahi kupita Usagara akiwa hai: mwaka 1866 aliingilia Mto Ruvuma, na mwaka 1872 Stanley alipogeuka kurudi pwani, waliagana Tabora. Juni ile ya 1873 alikuwa mwili uliokaushwa kwa chumvi na jua, mabegani mwa watumishi wake, akina Susi na Chuma, safari ya kwenda Bagamoyo. Mwezi Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey.

"Kwa hiyo aliandikia begani," alisema mama mkwe.

Binti, ambaye huruma haijamkomaa, aliongeza kwamba katika msafara ule kulikuwa na mtu aliyeandika kweli, Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nasik kule India, na shajara yake ya mkono ipo hadi leo katika makumbusho ya Blantyre, Scotland. "Kwani babu huna ya huyo?" Babu hakuwa nayo. Hakuwahi kuitafuta.

Ndipo mama mkwe akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, bei ya karatasi ile. Yaliyofuata nitayapitisha. Mume wangu aliitwa kutoka Mikumi, mshenga wa zamani akaitwa kutoka Ilonga, tranka likahamishiwa chini ya ndoo ya pili. Simu ya kijana haikupatikana, na mgahawani kwangu hakurudi, ingawa nilimwekea mishikaki maalumu. Kikao kikaamua mwalimu alipe deni la kikoba kutoka akiba yake ya kiinua mgongo, na alipe kabla ya mkutano wa mwezi.

Tukaenda benki. Baba mkwe alijaza fomu, akapindisha mkono, akashusha saini yenye mkia na vitanzi vyote. Karani wa dirishani akaiangalia, akaangalia faili, akaangalia tena.

"Mzee, saini haifanani."

Akasaini tena. Akasaini ya tatu, taratibu, akitoa jasho, akijaribu kumkumbuka mtu aliyekuwa kabla ya Stanley. Haikufanana. Tranka lilikuwa limemla hata jina. Karani, kwa upole, akatoa fomu ya kubadilisha kielelezo cha saini na kile kidau cha wino wa bluu. "Weka dole gumba tu, mzee. Mama atie saini kama shahidi."

Mwalimu aliinua kidole. Mama mkwe aliushika mkono wake hewani.

"Tusomee kwanza, mwanangu."

"Mama, ni fomu ya kawaida tu."

"Hata ile ya kwetu Msowero ilikuwa ya kawaida."

Foleni nyuma yetu iliguna. Karani akasoma, kifungu kwa kifungu, mwalimu akiwa amesimama na kidole cha bluu juu kama mtoto anayeomba ruhusa. Alipofika kwenye makato, mama mkwe akasogeza sikio karibu na kioo.

"Hapo rudia."

Akarudia.