Jinsi ya Kuangamiza Chombo cha Maua kwa Vitu vya Jikoni

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeamini kwamba kitu kinacholiwa hakiwezi kuleta madhara. Unahitaji chombo cha maua cha kioo, shingo nyembamba, tumbo kubwa, na ndani utelezi wa kijani ulioachwa na mashina ya mawaridi ya harusi. Ikiwezekana kiwe cha mama mkwe.

Anza kwa kutia mkono. Kuingia utaingia, maana vidole vimejikusanya kwa adabu. Huko chini ukishika sponji, mkono unageuka ngumi, na ngumi haipiti. Usiachie sponji. Vuta.

Mkono ukinusurika, chemsha maji uyamimine yakitokota. Vyombo vingi vya maua si vya kioo kile cha kuvumilia moto alichokibuni Mjerumani Otto Schott mwishoni mwa karne ya 19. Ndani hutanuka ghafla, nje bado pa baridi, halafu unasikia “ta!” Maji ya uvuguvugu yangetosha, lakini hayana msisimko.

Kisha kumbuka jinsi bibi alivyong'arisha masufuria kwa mchanga. Alikuwa sahihi: sufuria haiangaliwi dhidi ya mwanga wa dirishani. Mchanga ni mgumu kuliko kioo, basi kila ukitikisa unachora mifereji midogo, na uchafu wa mwezi ujao utakuta makazi tayari. Wanaokosa ujasiri hutumia mchele mbichi: vijiko viwili, maji kidogo, tone la sabuni, wakazungusha taratibu. Utelezi unatoka, kioo kinabaki salama. Mambo ya kuchosha kabisa.

Sasa tufike kwenye sherehe yenyewe: siki na bekingi soda kwa pamoja. Povu litapanda mpaka shingoni, utalipiga video, utalituma kwenye kundi la familia, na shangazi atajibu kwa mikono ya kupiga makofi. Povu likitulia, ule mstari mweupe ulioachwa na maji uko palepale. Asidi na soda zimemalizana zenyewe kwa zenyewe. Kilichopanda ni gesi ya kaboni dioksaidi, kilichobaki ni maji yenye chumvichumvi. Mimi naona nusu ya sifa za mchanganyiko huu zinatokana na kelele zake. Ukitaka kelele zaidi, ziba mdomo kwa kizibo kabla povu halijaisha, usimame karibu.

Mstari huo mweupe, ambao watumiaji wa maji magumu ya kisima wanaujua vizuri, aghalabu ni kalsiamu kabonati, kitu kilekile kinachoganda ndani ya birika. Huyeyushwa na siki peke yake, au maji ya ndimu, ikiachwa usiku kucha bila kuguswa. Siki ifike juu ya mstari. Wengi huweka kijiko kimoja chini, wakangojea ipande kwa miguu. Soda nayo ina zamu yake, siku nyingine, kwa mafuta na utelezi. Hakuna cha kupiga video hapo.

Jambo moja halina utani: siki au ndimu isikutane na klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile inayoitwa Jik. Hutoka gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Chombo kilichokwisha kutiwa kimoja kisuuzwe sana kabla ya kingine kufikiriwa.

Mwisho, kwa wavumilivu, kuna njia isiyohitaji kazi: acha maji yaliyooza humo kwa miezi. Kioo cha kawaida ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na chokaa na magadi, jamii ya magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, Kenya. Maji yakikaa muda mrefu huvuta sodiamu kutoka kwenye kioo chenyewe, na uso wake ukaingia ukungu. Utajua umefaulu pale siki ya usiku mzima itakaposhindwa na ukungu kubaki, kwa kuwa hapo hakuna uchafu wa kutoa. Kioo ndicho kilicholiwa. Jaza changarawe za rangi, panda maua ya plastiki, na mama mkwe akiuliza, mwambie ndivyo vinavyotengenezwa siku hizi.