Koti "Kama Jipya"

Juni hapa Sumbawanga, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, asubuhi watu husalimiana mikono ikiwa kwapani. Ndiyo maana nilipoona kwenye simu tangazo la koti la ngozi, "mtumba gredi ya kwanza, limetumika kidogo, kama jipya," nilituma hela kabla ya swali la pili. Muuzaji yuko Dar es Salaam. Mzigo nikaupokea Tunduma, nauli ya basi juu yangu.

Nikafungua mfuko. Mabegani ngozi ilikuwa ikibanduka kama maganda ya kitunguu, na zipu, maskini, ina meno ya bibi yangu: machache, na hayakutani. "Limetumika kidogo" nakubali. Hakusema na wangapi.

Nikapiga simu.

"Kaka, hiyo ndiyo fasheni. Halafu mali ikishauzwa hairudishwi."

Nikamtajia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: kitu kilichouzwa kwa maelezo sharti kilingane na maelezo hayo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwani wewe mwenyeji wa wapi huko Tunduma?"

"Tunduma nilifuata mzigo tu. Kwetu Sumbawanga."

Kimya.

"Aa, mzee wangu, si ungesema mapema?"

Jina la mji wetu kwa Kifipa ni "tupa uchawi", na mimi radi sijui hata inashikwa upande gani. Sikumsahihisha. Hela ilirudi ndani ya dakika tano, pamoja na ya kutolea.