Baraza la Wanyama na Mgeni Aitwaye Wug

Hapo kale, katika kijiji cha wanyama huko Uingereza, kila ukoo ulikuwa na desturi yake ya kujitaja wanapokuwa wengi. Bata bukini mmoja aliitwa goose, wakizidi wakaitwa geese. Panya alikuwa mouse, nao wengi mice. Maksai alijivunia mkia wa mababu: ox, oxen. Kondoo hakujisumbua, awe mmoja au wawe mia, sheep ni sheep.

Herufi S naye alikuwa na watu wake, na alijua kuishi na kila mtu. Kwa Paka alinong'ona, cats. Kwa Mbwa alivuma kama z, dogs. Kwa Farasi aliongeza silabi nzima, horses. Wanormani walipoivamia nchi mwaka 1066, walikuja na Kifaransa, ambacho nacho kilimjua S. Ukoo mmoja baada ya mwingine ukamfuata. Macho yaliyoitwa eyen yakawa eyes; ng'ombe walioitwa kine wakawa cows.

Yai halikukubali upesi. Katika kitabu alichochapa mwaka 1490, William Caxton alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyeomba egges kwa mama mmoja. Mama akamjibu kuwa yeye hajui Kifaransa! Mwenzake aliposema eyren, ndipo mama akaelewa. Hata hivyo, mwishowe S alishinda.

Ushindi ukampanda kichwani, akaitisha baraza. "Kuanzia leo kila mmoja avae mkia wangu!"

"Mimi sivai," akasema Panya.

Sungura, mwamuzi wa baraza, akauliza, "Panya, nani anakutaja?"

"Kila nyumba, kila usiku."

"Basi jina lako lina mizizi vinywani mwa watu. Vivyo hivyo feet, teeth na children. Linalosemwa kila siku haling'oki kwa amri."

Kabla S hajajibu, akaingia kiumbe mfano wa ndege, asiye na ukoo wala historia. Jina lake Wug. Mtafiti Jean Berko alimbuni huko Marekani, na mwaka 1958 akachapisha aliyoyaona alipowaonyesha watoto picha yake: kwanza mmoja, kisha wawili. Watoto hawakuwahi kulisikia jina hilo, lakini wengi wao walijibu: wugs.

Sungura akakata shauri: "S, wageni karibu wote ni wako. Wazee wanaotajwa kila kukicha, waachie majina yao."

Hapo kifaranga cha bata bukini kikapaza sauti, "Nawaona gooses wawili!" Wakubwa wakaangua kicheko. Sungura akawakemea: "Nyamazeni! Nani alimfundisha neno hilo? Hakuna. Ameshika sheria, akaitumia mwenyewe. Jina la wazee wake atalijua kwa kulisikia."

Mwalimu mwenzangu, nawe mzazi, hukumu hiyo ni yetu. Mtoto akisema foots, tayari amepata kanuni ambayo orodha ya kukariri haiwezi kumpa. Usimcheke, wala usimchape. Mjibu kwa sentensi kamili yenye feet, kesho mwambie nyingine, na keshokutwa nyingine. Kicheko humfunga mtoto mdomo, na aliyefungwa mdomo hajifunzi lugha yoyote.