Mhuri Haushiki Kwenye Plastiki

Hooyo, mama yangu, ana imani na vitu vitatu: Mola, maziwa ya ngamia na laminesheni. Siku niliyoleta cheti cha KCSE nyumbani Galbet hakusema hongera. Alikichukua, akakifunga kwenye leso, akaenda nacho kwa vijana wa saiba karibu na Soko Mugdi. Jioni kikarudi kimevikwa plastiki ngumu kama menyu ya hoteli. Cheti cha kuzaliwa kikafuata, na baadaye cha shahada. Vumbi la Garissa lisingevipata tena, wala mbuzi wa jirani, ambao kwao karatasi ni lishe.

Kisha shule moja ya Ghuba ikanikubali nikafundishe Kiingereza, ikanitumia orodha: vyeti vyote, usajili wa TSC, pasipoti, cheti cha tabia njema, na karatasi zipigwe mhuri na Wizara ya Mashauri ya Kigeni, halafu na ubalozi.

Tabia njema ndiyo niliyoiona rahisi, maana sijawahi kuiba hata chaki. Unalipa shilingi 1,050 kwa eCitizen, unachapisha fomu, unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Lakini Garissa ya mwezi Machi si mahali pa alama za vidole. Afisa alikibingirisha kidole gumba changu kwenye wino, akakibandika kwenye fomu, jasho likateremka, likatoka doa. "Mwalimu, kausha mikono." Nikaipangusa kwenye suruali. Doa jingine. Akanisimamisha chini ya pangaboi, stima ikapotea. Nikabaki pale mikono juu, vidole vyeusi, na kila aliyeingia akajua nimekamatwa. Mzee mmoja akaniombea dua.

Majina nayo! Baba ni mmoja, lakini KCSE inamwita Mohamed, kitambulisho Mohammed, cheti cha kuzaliwa Muhamed. Wakili akaniandalia kiapo kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Hooyo aliposikia akauliza, "Kwani mimi nimeolewa na wangapi?" Tarehe ya kuzaliwa haikusumbua: ni Januari 1, siku ambayo kwa mujibu wa serikali walizaliwa watu wengi mno wa huku kwetu. Na vijana wa sasa wana nafuu. Hadi Rais Ruto alipoufuta mchujo wa vitambulisho akiwa Wajir, Februari 2025, sisi wa Kaskazini Mashariki tulichujwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, na mambo yakaenda hivyo kwa miongo. Zamu yangu ilipofika mzee mmoja aliniuliza babu wa babu yangu aliitwa nani. Nililijua jina. Tahajia hakuuliza.

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi. Kwenye kizuizi kimoja tukashushwa basini, vitambulisho mkononi. Askari akaliona faili langu.

"Haya yote ni ya nini?"

"Naenda ng'ambo kufundisha Kiingereza, afande."

"Hebu kiongee tusikie."

Nikakiongea. Akasikiliza hadi mwisho, akaguna, akasema, "Iko sawa, panda." Huo ndio mtihani pekee wa Kiingereza niliofanyiwa tangu nianze kukusanya karatasi. Madirishani kote ni Kiswahili na Kisomali. Katiba ya 2010 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Kenya, ila matangazo mengi ya kazi hizi humtaka mwenye pasipoti ya Uingereza au Marekani. Afande hakuwa na ubaguzi huo.

Dirisha la kwanza Nairobi, karani akagonga mhuri juu ya KCSE, akaupitishia kidole. Wino wote ukaondoka nacho.

"Mhuri haushiki kwenye plastiki, ndugu yangu. Itoe kwanza."

Kijana mmoja mwenye pasi na wembe akaahidi kuitoa. Aliibandua polepole, ulimi nje, mimi nimeacha kupumua. Ikatoka, pamoja na herufi ya mwisho ya jina la baba. Sasa yeye ni Mohame, jina la nne, na wakili anadai ada nyingine.

Wewe mwenye vyeti vipya, bahasha ya kaki inatosha. Na hooyo wako akiviulizia, mwambie viko benki.